Amebonyeza kidole gumba kwenye epoksi mbichi mbele ya mwenye chombo!

Wadau, nawasalimu, ingawa mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Yule bwana mwenye banda la bati na sakafu ya saruji mnamjua nyote, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Jana jioni hapa Sahare, nikiwa chini ya mkungu, turubai limefungwa kwa kamba na kitambaa cha pili cha faiba ndiyo kwanza kimelala juu ya ngalawa niliyoipiga msasa siku tatu, alikuja, akainama, akabonyeza kidole gumba kwenye epoksi, ile gundi inayogandisha faiba, kisha akamwambia mwenye chombo: "Mzee wangu, huu ni uji wa mgonjwa. Faiba haifanyiwi uwanjani."

Kidole gumba, wadau! Alama imeganda na mistari yake yote, na shimo lake linatosha kufugia perege.

Anadhani nilianza jioni kwa uvivu. Nilikusudia, kwa sababu jua la asubuhi linapoupasha mti joto, hewa iliyomo hutanuka na kuitoboa epoksi kwa vipovu, ilhali jioni mti hupoa na kuinywa. Nilichanganya kidogo kidogo na kuitandaza kwenye sinia, maana ikirundikana koponi katika joto hili la Tanga hujichemsha yenyewe hadi ikafuka moshi. Yote hayo bila bati wala saruji, halafu mtu anakuja na kidole gumba!

Alfajiri nilikuta juu yake utelezi kama mafuta, kwa ajili ya unyevu wa usiku. Nikauosha kwa maji na sponji kabla ya kugusa msasa. Utelezi umetoka, kidole gumba kimebaki.

Mpiga Randa: Pole sana, mkuu. Mimi alinifukuzia mteja kwa maneno hayohayo ya uji.

Kalafati Mkongwe: Ndugu, aachaye epoksi mbichi kando ya njia ya pwani asishangae, leo kidole, kesho mbuzi. Na huo mwembe wa hiyo ngalawa ulikauka lini? Ukifunika mti mbichi, unyevu unabaki ndani na chombo kitaozea chini ya faiba yako.

Mleta uzi: Gogo lilikaa kivulini tangu kaskazi iliyopita. Mimi nazungumzia kidole gumba.

Deheni Daima: Wazee wetu walipaka chokaa na mafuta ya papa, na vyombo vilifika Pemba. Mbao za mashua hutanuka majini na kusinyaa zikipandishwa nchi kavu, na faiba hupasuka kwenye maungio.

Mpiga Randa: Hiyo ni mashua. Ngalawa ni gogo moja, maungio yatoke wapi? Kinachoniumiza mimi ni muuzaji anayepima dawa ya kugandisha kwa macho. Epoksi si rezini ya matangi ambayo ukizidisha dawa inawahi kuganda. Hii ikikosa kipimo chake inabaki kunata.

Kalafati Mkongwe: Kama ni yule ninayemfikiria, aliniuzia galoni lisilo na maandishi. Tangu masika dau langu linanata, na kunguru wote wa Tanga wameacha manyoya humo.

Deheni Daima: Huyohuyo! Mimi pia ananidai kopo alilonipa tupu.