Tupeane uzoefu: umewahi kusimama na askari anayedai mshahara?

Ndugu zangu, mimi nimekulia laini za polisi, Bonde la Ufa. Baba alitumikia miaka 19 akiwa konstebo vilevile. Chumba kilikuwa kimoja na familia zilikuwa mbili, katikati shuka la kijivu limening'inizwa kwenye waya. Mtoto wa upande wa pili akikohoa usiku, mama yangu ndiye aliyeamka kumpa maji. Baba akitoka lindo alfajiri alivulia buti nje asituamshe, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda akihesabu sarafu za unga, moja moja, kwa kidole. Kwa hiyo nikisikia askari wamechoka na wanataka kuweka zana chini, moyo wangu uko kwao.

Tukumbushane: askari wa Kenya hana chama cha wafanyakazi, na sheria haimruhusu kugoma. Katiba yenyewe, kifungu cha 24(5), imeacha nafasi ya kupunguza haki zake za kazi. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakakaa nje miezi mitano mwaka 2017. Askari hana mlango huo. Mwaka 2023 jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilipendekeza nyongeza ya asilimia 40 kwa miaka mitatu, kuanzia Julai 2024. Nilimpigia baba simu kwa furaha. Akaniuliza, "Na nyumba je?"

Hofu ya watu naielewa. Brazili nako polisi wa doria, wanaoitwa polisi wa kijeshi, hawaruhusiwi kugoma, na Februari 2017, jimbo la Espírito Santo, wake zao ndio walioziba malango ya kambi ili magari ya doria yasitoke. Shule na maduka yakafungwa, zaidi ya watu 100 wakauawa, jeshi likaletwa Vitória, mji mkuu wa jimbo hilo. Nyongeza hawakupata. Hayo siyatamani hapa kwetu. Ndiyo maana nasema raia tuwasemee mapema, kabla mambo hayajafika langoni. Leteni yenu.

*Mama mboga, Nakuru:*
Kibanda changu kiko karibu na kituo. Daftari langu la madeni, kurasa za mbele zote ni askari: sukuma ya 20, nyanya tatu, mafuta ya kupima. Tarehe 20 ikishapita hawapiti mbele yangu, wanazunguka kule nyuma kwa aibu. Mmoja alihamishwa ghafla nikajua pesa imekwenda. Alinilipa kwa M-Pesa akiwa Mandera, 200 leo, 150 wiki ijayo, mpaka 1,340 ikaisha. Wakigoma nitawapikia uji.

*Makanga, Thika Road:*
Mimi nitasema ukweli. Mia ya hongo ya asubuhi na mia ya jioni zinatoka mfukoni mwangu, siyo mwa mwenye gari. Waongezwe mshahara, naunga mkono kabisa, lakini wakiongezwa halafu mkono ubaki dirishani, nitawaunga vipi mara ya pili? Siku moja nilimwambia mmoja hivyo. Akasema mtoto karudishwa nyumbani kwa karo. Wangu pia alikuwa amerudishwa wiki hiyohiyo.

*Muuguzi mstaafu, Kisumu:*
2017 tuliandamana tukipuliza filimbi. Askari waliopangwa mbele yetu na rungu walikuwa watoto wadogo tu. Mmoja, binti, aliniambia polepole, "Mama, pigeni hiyo filimbi, na sisi mtupigie." Baadaye amri ilitoka na moshi ukatufikia, machozi yakanitoka kama wengine. Simlaumu yule binti. Nilimwangalia wakati tunakimbia, hakuwa ameinua rungu lake.

*Shangazi, Nairobi:*
Kwangu bado ni vigumu. Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, mpwa wangu aliletwa nyumbani kwa bodaboda, mguu umefungwa fulana iliyolowa damu. Mkiniambia askari ana njaa, nakubali, njaa naijua. Ila anayetaka nimsimamie barabarani naye aseme jina la aliyefyatua. Yote mawili yadaiwe pamoja, nami nitakuja.

*Mke wa askari, Machakos:*
Shangazi, nimekusoma mara mbili. Pole sana, na unalodai ni haki yako.

2018 tulipoambiwa tutoke laini tukaishi na raia, wenye nyumba wawili walitukataa waliposikia kazi ya mume wangu. Wa tatu akatupokea, lakini majirani hawakutusalimu miezi miwili. Usiku mmoja wezi wakaingia kwenye ploti. Mume wangu alitoka na fulana na tochi tu, bila bunduki. Asubuhi mama wa mlango wa pili akanibishia hodi na sufuria ya githeri. Tukakaa. Akauliza, bila ubaya, huyu mtu analipwa ngapi? Nikampa hati ya mshahara. Akasoma kwa kidole, mkopo wa kwanza, mkopo wa pili, sako, mpaka kinachobaki chini. Akaikunja akairudisha mezani.

"Mkienda kudai," akasema, "mniambie siku."