YAH: Siku tano nje ya Ujerumani, watu wawili, yuro 400

Kutoka: Leipzig

Salaam ndugu zangu. Mke wangu alifika Machi kutoka Moshi, na tangu harusi hatujapata hata siku tatu za kukaa pamoja kwa utulivu. Mimi niko zamu za usiku ghalani, yeye asubuhi yuko darasa la Kijerumani. Mwezi ujao nimepata likizo. Tuna yuro 400 za matembezi ya siku tano, na tungependa tuvuke mpaka. Rafiki mmoja anatushawishi twende London. Kadi ya ukaazi ya mke wangu bado haijatoka, ana Fiktionsbescheinigung tu, ile karatasi ya muda ya anayesubiri kadi. Wenye uzoefu tusaidieni.

Kutoka: Dortmund

Mdogo wangu, hongereni, na wifi mpe salamu zangu.

London iacheni. Uingereza haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotambuliana viza, kibali cha Ujerumani hakiwasaidii kitu pale. Mtaomba viza, na ada ya watu wawili peke yake itameza zaidi ya nusu ya hizo 400.

Kabla ya kulipia chochote, fungueni karatasi ya wifi muone ni kisanduku gani kimetiwa alama. Kikiwa cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi, anaweza kutoka na kurudi akiwa na pasi yake. Kikiwa cha aya ya 3, akishatoka Ujerumani karatasi hiyo haimrudishi. Kama aliomba kadi kabla viza yake haijaisha, kwa kawaida hupewa ya aya ya 4, lakini hakikisheni kwa macho yenu. Na mbebe pasi zenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi. Tangu Septemba 2024 polisi wa Ujerumani wanakagua mipaka yote ya nchi kavu, na treni wanapanda.

Sisi tulikwenda Luxembourg tukalala Trier, mji wa Ujerumani karibu na mpaka, kwa sababu vyumba vya Luxembourg ni ghali mno. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za mikoa, sasa ni yuro 63 kwa mtu mmoja, inakufikisha mpakani kwa treni za mikoa, na ukishaingia Luxembourg hulipi nauli: basi, tramu na treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu tangu 2020. Hata mgeni aliyeshuka leo. Tulipanda lifti ya kioo ya Pfaffenthal, mita 71, tukateremka bondeni na kupanda tena mara tatu kama watoto. Siku nyingine tulichukua treni mpaka Ettelbruck, kisha basi mpaka Vianden, tukakaa chini ya ngome ile tukila chapati na mayai ya kuchemsha. Kuingia ndani ya ngome wanatoza, hatukuingia.

Chumba cha hosteli kilitugharimu 48 kwa usiku. Usiku nne ni 192, tiketi mbili 126, kwa hiyo mnabaki na 82 za chakula. Kama tayari una tiketi yako ya kazini, mtanunua moja tu na mtapumua. Kumbukeni ule ni mkataba wa kila mwezi: ya wifi ikatisheni kabla ya tarehe 10, la sivyo wanakata tena mwezi unaofuata.

Lakini ninalotaka hasa kukwambia ni hili. Siku ya tatu tulinuniana, kutoka Trier mpaka Koblenz hakuna aliyefungua mdomo. Shemeji yenu alikuwa ametuma ada ya mdogo wake nyumbani kutoka kwenye hela ya safari, na hakuniambia. Ada ile ilikuwa ya haki kabisa, hata mimi ningeikubali. Kilichoniuma ni kuijua nikiwa dirishani mwa duka la mikate, kadi imekataa, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Tangu hapo hela ya nyumbani tunaituma kwanza, wote wawili tukiwa mezani, na simu tunawapigia tuseme wiki hii hatutapatikana kwa maombi mengine. Ya safari tunaitoa taslimu, bahasha moja, na anayeibeba leo kesho anampa mwenzake. Kila mmoja ana yuro 20 zake ambazo haulizwi amezitumiaje. Hizo 20 msizidharau. Wifi ni mgeni, hana mshahara bado. Asije akawa anakuomba hela ya ice cream.

Kutoka: Freiburg

Naongezea moja kwa atakayefikiria Basel: Uswisi imo Schengen lakini haimo Umoja wa Ulaya, kwa hiyo ile kanuni ya intaneti ya simu bila nyongeza haiwalazimu. Mimi na mume wangu tulitumia ramani mchana mmoja, bili ikaja yuro 61. Luxembourg haina tatizo hilo.

Kutoka: Leipzig

Dada, asante sana. Tumeangalia, ni aya ya 4. Sehemu ya bahasha nimemsomea mke wangu kwa sauti, akanyamaza kidogo, akasema alikuwa anaogopa kuniuliza hela ya nauli ya darasani. Sikujua. Tumezungumza mpaka saa saba usiku.

Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo maandazi anapika Jumamosi. Ile hosteli ya Trier ina jiko la wageni?

Kutoka: Dortmund

Inalo, ghorofa ya chini. Sufuria zipo, chumvi bebeni.