MJADALA: Sparking! Zero kubana wachezaji wawili kwenye ramani moja, ni sawa au tumenyimwa haki?

Fundi wa Pedi
Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili kwa hoja. Gemu ya kupigana ya Dragon Ball Sparking! Zero, iliyotokana na katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, ilitoka Oktoba 2024 na ndo muendelezo wa gemu ya Budokai Tenkaichi 3 ya 2007, yani watu tumesubiri miaka 17. Siku inatoka ilikuwa na wahusika 182 wakati ile ya zamani ina 161, na ndani ya saa 24 ikauza kopi milioni 3. Hapo sina neno, wamefanya kazi kubwa na ukiiangalia unaona kabisa kuna watu wameipenda Dragon Ball toka moyoni.

Sasa shida inaanza ukitaka kucheza na mwenzako sebuleni kwa skrini iliyogawanywa. Ilivyotoka, ramani (uwanja wa kupigania) mliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, kile Chumba cha Roho na Muda, ambacho kama umeangalia katuni unakijua, ni weupe mtupu hakuna mlima hakuna jengo hakuna maji. Ramani zingine zote, zile za kubomoa mawe na kumzamisha mtu baharini, zilikuwa za kucheza peke yako au onlaini. Tenkaichi 3 kwenye PS2, mashine ya mwaka 2000, ilikuwa inagawa skrini kwenye ramani zote!

Msimamo wangu: gemu ya kupigana bila mtu wa pembeni yako imekatwa nusu, kwahiyo hawakuwa sahihi kuitoa hivyo. Karibuni.

Ngosha85
Mkuu mi nakupinga. Hii gemu kamera inakaa mgongoni kwa mhusika, siyo kama Tekken ambako wote wawili mnaonekana ubavuni kwenye skrini moja. Ina maana mkigawana skrini mashine inachora dunia nzima mara mbili kwa wakati mmoja, na dunia yenyewe imetengenezwa kwa Unreal Engine 5, programu nzito ya kutengenezea gemu, kila kitu kinavunjika, vumbi, mwanga, mawe yanaruka. PS2 iliweza kwasababu ramani zake zilikuwa nyepesi sana, ukiziangalia leo utaona majani yamechorwa tu chini kama zulia. Chumba cheupe wamekichagua kwasababu hakina cha kuchora. Na tusisahau mwanzo watengenezaji walishaona kugawa skrini haiwezekani kabisa, mashabiki ndo wakapiga kelele wakaongeza. Mi nashukuru hata hicho kilichopo.

Fundi wa Pedi
@Ngosha85 hoja yako nzito naikubali kitaalamu, ila jibu lake si lipo? Mkiwa wawili shusha grafiksi. Punguza vumbi, punguza vivuli, weka milima isiyovunjika. Hakuna mtu anayecheza na kaka yake atalalamika kivuli cha mti hakijakaa sawa. Anachotaka ni kujificha nyuma ya mwamba, achaji ki (nguvu ya mhusika), alafu amtokee mwenzake kisogoni. Kwenye chumba kitupu utajificha wapi? Staili nzima ya uchezaji inapotea hapo.

mama_Samir
Jamani na kuchungulia je 😀 skrini ikigawanywa naona ulipojificha, mwamba wa nini sasa. Wanangu wanagombana kila siku kwasababu hiyo.

Fundi wa Pedi
Dada yangu kuchungulia ndo utamu wenyewe, unajua anakuona na yeye anajua unamuona.

Buda wa Likoni
Mimi naona mnabishana kitu ya zamani. Siku hizi gemu ni onlaini, unapata mtu wa level yako saa yoyote, hungoji cousin atoke shule. Na hata ukiwa peke yako kuna kazi ya kutosha. Episode Battle, ile sehemu ya hadithi, iko na wahusika 8, kutoka Goku mpaka Frieza na Jiren, na ukichagua njia ingine hadithi inageuka inaenda mahali haikuwai fika kwa anime. Halafu yule adui Vegeta akiwa Nyani Mkubwa, walahi alitesa wachezaji dunia nzima wiki ya kwanza. Hiyo yote hauhitaji mtu wa pili.

Fundi wa Pedi
@Buda wa Likoni heshima kwako kaka ila onlaini ya nani? Tuongee ukweli wa huku kwetu. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo PSN, yani mtandao wa PlayStation, inafanya kazi rasmi, watu wanafungua akaunti kwa kuandika nchi nyingine. Gemu ya kununua kama hii kwenye PS5 ili ucheze onlaini lazima ulipie PS Plus, ile huduma yao ya kulipia, alafu bando juu yake. Ukishalipia vyote unakutana na mtu wa Ulaya, ping, yani muda wa ishara kwenda na kurudi, inapita milisekunde 100. Gemu za kupigana nyingi zinaenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 16, kwahiyo umechelewa fremu sita na zaidi kabla hata hujakosea chochote. Kwenye gemu ambayo kukwepa pigo ni suala la kubonyeza sekunde ileile pigo linapofika, hapo unapigwa na umbali. Mwenzako aliyekaa pembeni yako hana ping.

Mwenye Kibanda
Mi naongea kibiashara. Kibandani kwangu kwa kuchezea gemu watoto wanakuja wawili wawili, mmoja analipia, aliyefungwa anampisha anayefuata. Tenkaichi 3 bado ipo kwenye PS2 yangu ya kona na inafanya kazi. Hii mpya wateja waliifurahia mwanzoni kwasababu ya muonekano, baadae wakaanza kuuliza "bro mbona ni hapa hapa tu", wakarudi kwenye gemu za mpira. Mpira unakubali pedi mbili bila masharti.

Ngosha85
Hapo kwa Mwenye Kibanda nimeelewa kitu. Bado nasema mashine ina mipaka yake na siyo uvivu, ila basi wangeandika kwa herufi kubwa juu ya kasha, "wachezaji wawili ramani moja", mtu ajue anachonunua.

Fundi wa Pedi
Hilo la kasha nakuunga mkono asilimia mia. Ila mi bado nadai ramani, hata tano tu nyepesi, waanze na uwanja wa mashindano maana ule ni sakafu na ukuta tu, nani ataniambia PS5 inashindwa kuchora sakafu mara mbili?