Walimu wa JavaScript, acheni kutuambia nukta mkato si lazima!

Wakuu, siku mbili mfululizo nimelala saa tisa usiku na hasira haijaisha, nivumilieni.

Nimelipia kozi ya wanaoanza kabisa ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Somo la pili mwalimu anasema kila agizo linaishia na nukta mkato (;), ila msihangaike, si lazima, lugha inajiwekea yenyewe. Akapita. Inaiweka wapi na inaacha wapi, hakusema. Muda wa kusimulia jinsi Brendan Eich alivyoiandika lugha hii kwa siku 10 mwaka 1995 ulikuwepo!

Nikaanza programu ndogo ya hesabu za duka la mama. Ndani ya fankisheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja na kurudisha jibu kwa neno return) nikaandika hivi ili isomeke vizuri:

return
  bei * idadi

Nikajumlisha na nauli ya mzigo, 3000. Jibu: NaN, yaani "si namba". Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote chekundu. Nikabadilisha bei, nikafuta yote nikaandika upya, NaN. Kumbe ukishuka mstari baada ya return, nukta mkato inawekwa papo hapo. Fankisheni inarudisha undefined, yaani haina jibu, na mstari wa hesabu haufikiwi kabisa. Hapo hata ningeiweka mwenyewe mwishoni isingesaidia. Hesabu lazima ianze mstari uleule wa return, au ufungue mabano hapohapo.

Usiku wa pili, nikitaka onyesha ipitie namba 50 na 100 moja moja:

let jumla = bei + nauli
[50, 100].forEach(onyesha)

Safari hii lugha haikuweka nukta mkato! Mstari ukianza na mabano, ya mraba au ya kawaida, unaunganishwa na wa juu yake. Ikasoma nauli[50, 100], ikatafuta kitu cha 100 ndani ya namba, ikakosa, programu ikakatika. Nukta mkato moja tu baada ya nauli ingeniokoa.

Kanuni hizi zimo kwenye ECMAScript, kiwango rasmi cha lugha hii, si siri ya mtu. Mifano miwili kama hii inamalizika kwa dakika 10. Nilipomuuliza mwalimu kwenye grupu akanijibu "utaelewa mbele ya safari". Mimi nimelipa nielewe sasa! Mtu hajajua bado tofauti ya let na const, maneno ya kutambulisha jina jipya, unamwambiaje "si lazima" halafu unamwacha hapo?

Aliyewahi kukwama hivi aweke mistari yake hapa chini, wanaoanza waione.