Naomba ushauri: riwaya mpya za safari na hatari kwa vijana wa Lamu

Wadau, kuna vijana hapa Lamu wanamaliza Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Mwingereza Haggard ya 1885. Dharau yake kwa Waafrika tunaijadili waziwazi, lakini hatari zake zina chanzo: maji yanaisha jangwani, kisha baridi ya mlimani inaua mtu. Riwaya nyingi za siku hizi zina mbio, sura fupifupi, kila mwisho mtutu wa bunduki. Ila shujaa haoni kiu, risasi haziishi, na jahazi lenye shehena linapita Mkanda, mkondo wa kina kifupi kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yamekupwa! Msomaji wa hapa anafunga kitabu papo hapo. Naomba majina ya riwaya mpya za Kiswahili, zisizozidi kurasa 200, ambazo mwandishi anajua chombo, upepo na njaa. Na je, hizo mpya zisomwe kabla ya za zamani au baada yake?