Sabuni ya kwanza: nazi tupu au mchanganyiko, baridi au ya kupika?

mwana_Langoni (Lamu)
Assalamu alaikum. Nina kilo moja ya mafuta ya nazi ya kupikwa kwa tui, na kostiki soda inapatikana duka la vifaa vya ujenzi. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, sabuni nyingi za dukani hazitoi povu. Naona njia tatu: ya baridi, ya kupika, au kununua sabuni-mama ya kuyeyusha. Kwa anayeanza, ipi? Na nazi tupu inatosha?

FundiMkomani
Wa alaikum salaam. Sabuni-mama iache, hiyo mwenzio keshaitengeneza. Kazi yako itakuwa kutia rangi na marashi tu.

Kwa maji ya namna hiyo nazi haina mpinzani. Asidi yake kuu, ya lauriki, ina molekuli fupi, kwa hiyo sabuni yake huyeyuka hata kwenye maji ya bahari. Ya mawese ikikutana na chumvi hugandamana, povu halitoki. Ubaya wa nazi ni kukausha ngozi. Dawa yake ni kuacha asilimia 20 ya mafuta yasigeuke sabuni.

Hesabu: kila gramu ya nazi hutaka kostiki gramu 0.183, basi nazi gramu 500 × 0.183 = 91.5. Toa asilimia 20, unapata kostiki gramu 73. Maji gramu 150, nayo yapimwe kwenye mizani, si kwa kikombe.

Barani254 (Malindi)
Asiye na mizani atie vijiko vitano vya mezani vya kostiki kwa nusu lita ya mafuta. Mafuta yoyote, haidhuru.

MamaKalibu
Kaka, inadhuru. Kostiki ya punje na ya magamba hazilingani uzito kwenye kijiko kimoja, na pakiti iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu wa pwani, nguvu imepungua. Na "mafuta yoyote" ndiyo hatari zaidi: mawese hutaka 0.141 kwa kila gramu, simsim kama 0.134. Ukichukua kipimo cha nazi bila punguzo, gramu 91, ukakitia kwenye gramu 500 za mawese zinazotaka 70 tu, gramu 21 hubaki huru ndani ya sabuni. Hiyo inachoma ngozi.

Mwanangu wa Langoni, kostiki si magadi ya kupikia maharage. Magadi hayageuzi mafuta kuwa sabuni, utakoroga mpaka magharibi. Wala usichukue dawa ya kuzibulia mabomba. Nyingine huchanganywa na vipande vya aluminiamu.

FundiMkomani
Kweli. Na sufuria zetu nyingi za jikoni ni hiyohiyo aluminiamu: kostiki huila, ikatoa povu jeusi na gesi inayoshika moto. Tumia stenlesi, au jagi la plastiki lenye namba 5 chini yake.

Utaratibu wa baridi:

Pasha mafuta ya tui kwanza. Yakitatarika bado yana maji. Yaendelee mpaka yanyamaze, yachuje, ndipo uyapime. Vaa glovu, miwani na mikono mirefu. Kaa uani, upande upepo unakotoka. Mimina kostiki ndani ya maji kidogokidogo; kinyume chake, maji juu ya kostiki, huruka usoni. Jagi litapanda kupita nyuzi 80. Liache mpaka ubavu wake uwe vuguvugu, kama nyuzi 40, na mafuta yawe hivyohivyo. Changanya, koroga kwa blenda ya mkono, ukiiwasha na kuizima, mpaka tone likidondoka libaki juu kama kwenye uji mzito wa mchele. Mwaga kwenye kalibu, yaani chombo cha kugandishia.

Ikikurukia ngozini, maji mengi ya bomba, dakika 15 au zaidi. Siki usipake.

MamaKalibu
Kwa maji ya kuyeyushia kostiki usichote kisimani. Visima vya matumbawe vina chokaa, nayo hushikana na sabuni ikawa utando mweupe. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa, au yaliyokenekwa. Ukiyanunua kituo cha mafuta, soma chupa vizuri: wengine huita hata asidi "maji ya betri".

Barani254
Haya, vijiko nimevifuta. Ila njia ya kupika naitetea. Mchanganyiko uleule, ukishakuwa mzito unawekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, moto mdogo, saa moja na nusu hivi, mpaka uwe kama viazi vya kuponda vinavyong'aa. Poza kipande, gusa kwa ncha ya ulimi: kikikupiga kama betri, bado. Ukingoja wiki mbili ikauke unaoga. Ya baridi inataka wiki nne mpaka sita, na masika huzidi, maana gliserini hunyonya unyevu na sabuni hutoka jasho.

FundiMkomani
Ni kweli, ila nazi ikipikwa hufura ghafla. Sufuria iwe mara tatu ya mchanganyiko, na usiondoke jikoni. Kwa mara ya kwanza bado nasema baridi.

mwana_Langoni
Shukrani. Nikitaka laini zaidi, nichanganye vipi? Na naweza kutia mafuta ya karafuu?

MamaKalibu
Nazi 150, mawese 250, simsim 100: kostiki gramu 72, maji 145. Hapo mafuta yanayobaki ni asilimia 5. Povu kwenye maji yenu litapungua, na simsim ikizidi sabuni huota madoa ya rangi ya chungwa na kunuka uvundo.

Karafuu hugandisha mchanganyiko kwa sekunde, mwiko ukasimama wenyewe. Gramu 3 zinatosha kwa nusu kilo, zitiwe mwisho kabisa, kalibu ikiwa tayari mkononi.

FundiMkomani
Kingine: nazi tupu usiilaze mpaka kesho. Ianze kubonyezwa kwa kidole zikipita saa sita tangu kumwagwa. Ikiwa ngumu kama jibini, kata. Ukichelewa inavunjika vipande kisu kikigusa tu.