Garrus na Tali: mapenzi yaliyopandwa tangu 2007, yakalipwa kwa kumbatio moja

Wakuu, hili suala la Garrus Vakarian (Mturiani) na Tali'Zorah (Mkwariani), wandani wawili wa kamanda Shepard unayemchezesha katika gemu za anga za Mass Effect, linakera, na linakera zaidi pale mashabiki wenzetu wanapoandika kwamba eti penzi lao limezuka tu kwenye gemu ya tatu. Halikuzuka. Mbegu ziko wazi kwa anayecheza kwa makini. Waandishi walipanda wakaacha shamba.

Anzeni na miili yao. Binadamu na asari, jamii nyingine ya viumbe wa anga, protini zao ni za mkono wa kushoto. Waturiani na Wakwariani ni za mkono wa kulia. Chakula cha Garrus Tali anaweza kukila, cha Shepard hakimfai yeyote kati yao. Sasa oneni Mass Effect 2 (2010): Shepard wa kike akiwa na Garrus, Mordin, daktari wa kikosini, anampa onyo la mzio. Shepard wa kiume akiwa na Tali, Mordin anamhadharisha kuhusu maambukizi. Yaani penzi la binadamu na mgeni lilipewa mpaka daktari! Wawili ambao tatizo la protini kwao halipo kabisa, kikwazo kikiwa ni kinga dhaifu ya Tali na suti yake ya kujikinga na vijidudu tu, hawakupewa hata nusu ya uzito huo.

Halafu kuna Fleet and Flotilla, ile filamu ya ndani ya gemu. Inahusu nini? Mapenzi ya Mturiani na Mkwariani. Na shabiki wake mkubwa ni nani? Tali. Ukiweka hadithi ya namna hiyo mikononi mwa Mkwariani anayesafiri meli moja na Mturiani kuanzia gemu ya kwanza, umetoa ahadi. Ukiwachukua wote wawili kwenda Citadel, kile kituo kikubwa cha anga, katika gemu ya pili, Garrus mwenyewe anakumbushia yale maongezi yao ya kwenye lifti, na Tali hataki hata kuyasikia. Huo utani una historia. Hapo ndipo pa kuanzia penzi, na hawakuanzia.

Sasa masharti ya kuliona penzi lao katika gemu ya tatu. Gemu haikwambii lolote kati ya haya, na ndiyo maana wengi wamemaliza sehemu zote tatu bila kujua kitu kipo.

Kwanza, Shepard asiwe na uhusiano na yeyote kati yao. Wa kiume hawezi kumpata Garrus na wa kike hawezi kumpata Tali, kwa hiyo kila mmoja ana jina moja tu la kukwepa. Mapenzi yote mawili huanzia gemu ya pili, basi uamuzi ufanye huko.

Pili, wote watoke hai kwenye misheni ya mwisho ya gemu ya pili, na hapa ndipo saves (gemu zilizohifadhiwa) za watu huharibika. Maliza misheni ya uaminifu ya kila mmoja, yaani ile kazi yake binafsi inayomfanya awe mwaminifu kwa Shepard. Nunua ngao za meli anazopendekeza Tali na mzinga wa Thanix anaoupendekeza Garrus: ukikosa ngao, Tali yuko karibu mwanzoni mwa orodha ya kufa, ukikosa mzinga, Garrus naye vilevile. Ndani ya kituo cha adui, mtume Tali apite kwenye mabomba, na kikosi cha pili kiongozwe na Garrus. Wote wakiwa waaminifu, Tali anatoka salama, lakini kiongozi mbovu atamuua hata kama yeye hana kosa. Hebu fikirini: gemu imeuweka uhai wa Tali mikononi mwa Garrus kimahesabu kabisa, na kwenye hadithi hakuna aliyeukumbuka mpango huo.

Mwisho wa misheni, wanaobaki kulinda mlango wanahesabiwa pointi. Garrus na wapiganaji wenzake Grunt na Zaeed wakiwa waaminifu wana 4 kila mmoja. Tali ana 1. Wakibaki watano au zaidi, wastani usishuke chini ya 2. Ukishuka, anaanza kufa Mordin, anayefuata ni Tali. Kwa hiyo nenda na Tali kwa bosi wa mwisho, Garrus abaki mlangoni.

Tatu, Rannoch, sayari ya asili ya Wakwariani, katika gemu ya tatu (2012). Ukishindwa kuleta amani kati ya Wakwariani na Geth, roboti waliowaunda wenyewe, kisha ukawachagua Geth, Tali anajiua mbele yako. Amani au kuwachagua Wakwariani ndizo njia pekee za kubaki naye.

Baada ya jasho lote hilo, kabla ya kuvamia makao ya Cerberus, lile kundi la maadui, ingia chumba cha mizinga cha meli yenu utawakuta wamekumbatiana. Usipoingia, umepitwa.

Chanzo kikubwa cha tatizo ni kwamba Tali anachelewa mno. Garrus unaye mapema, tangu misheni ya Menae, Tali anarudi wakati wa Rannoch, na baada ya hapo hadithi inakimbia: misheni za Thessia, Horizon, kisha Cerberus. Penzi zima linatokea pembeni, wewe hauko. Hata nyongeza ya Citadel ya 2013, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya mambo ya wahusika, inampa Garrus tukio la kumtongoza mwanamke wa Kituriani baa, mwanamke ambaye hatujawahi kumwona. Toleo jipya la 2021 la gemu zote tatu likasafisha picha na silaha, hadithi hii ikabaki vilevile.

Na haikuhitaji makubwa. Tukio moja baada ya Rannoch, Garrus akishuka chumba cha injini kumwona. Jingine Tali anapolewa kwenye baa ya meli: badala ya Shepard pekee, Garrus awe ndiye anayemsindikiza. Mistari michache wakiwa kikosi kimoja vitani. Basi.

Mnaosema Garrus ni wa Shepard wa kike, hakuna anayewanyang'anya. Uhusiano huu hauwaki kabisa kwenye save yenu. Tunaodai ni sisi tuliomwacha Garrus huru, tukamwacha Tali huru, na tukawavusha wote wawili wakiwa hai.